Plagi inaingia upande mmoja tu, halafu mnaniambia nimechomeka vibaya?

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nina bodi tano za kuchajia betri mezani, zote zimeungua, na mwenye duka anasema kosa ni langu.

Niko Busia, upande wa Uganda, na kazi yangu ni taa za wavuvi. Watu wa Majanji, kando ya Ziwa Victoria, wanaovua mukene (dagaa) usiku, wengi wamechoka na karabai, wanataka taa za LED. Mimi ndiye nawaundia: seli za lithiamu za 18650 (zile za duara kama za laptop), bodi ndogo ya kuchajia yenye chipu ya TP4056, swichi, na kisanduku kisichoingiza maji. Asubuhi taa zinarudi, tunazichaji kwa sola, jioni zinaondoka.

Mwezi uliopita nilinunua seli ambazo tayari zina waya na plagi nyeupe ya pini mbili, ile ya JST. Nikachomea soketi zake kwenye bodi, kila kitu kikaenda sawa. Juma hili nimerudi duka lile lile, nikachukua seli zile zile, plastiki ile ile ya buluu, plagi ile ile. Kijana wangu akapanga bodi nane kwenye ubao, akaziwekea volti 5, akaanza kuchomeka betri moja baada ya nyingine, simu ikiwa sikioni. Mimi nilikuwa nje na mteja. Harufu ndiyo iliyoniita ndani. Nilipong'oa waya wa umeme, tano zilikuwa zimekwisha, moja ina shimo katikati ya chipu kama imetobolewa na msumari.

Nimemgombeza kijana, nakiri. Kisha nikachukua mita nikapima, nikamwomba radhi. Waya nyekundu iko kwenye chanya ya seli, nyeusi iko kwenye hasi, yaani ukitazama kwa macho huoni kosa. Ila ndani ya plagi pini zimebadilishana nafasi. Mzigo wa mwezi uliopita nyekundu ilikuwa kulia, huu iko kushoto.

Nikaenda dukani. Jibu la kwanza: "Ssebo (bwana), umechomeka vibaya." Nimechomekaje vibaya? Plagi ile ina ukingo, hata ukiisukuma kwa nyundo haiingii kinyume! Alipoona nimeleta mita na seli mbili, moja ya zamani na moja mpya, akageuza maneno: "Kila kiwanda kina mpangilio wake." Hapo kasema kweli. Hakuna sheria inayosema pini ipi ya plagi ile iwe chanya, kila anayefunga waya anafunga anavyotaka. Sasa kama unalijua hilo, na unajua mzigo umetoka kiwanda kingine, mbona ulipopokea hela yangu hukusema neno?

Kuna na uongo wa pili, nao unanikera zaidi kwa sababu nausikia madukani kote. Ukiuliza bodi, unaambiwa "chukua hii, hii ina ulinzi". Ulinzi gani? Zile chipu mbili ndogo zilizo pembeni, DW01 na 8205, kazi yao ni kuilinda betri. Seli ikishuka mpaka karibu volti 2.4 zinakata, ikipanda kupita kiasi cha volti 4.3 zinakata, waya za taa zikigusana zinakata. Basi. Hakuna mahali zinapoahidi kuiokoa bodi ukigeuza chanya na hasi. Hebu fikirini: upande mmoja wa TP4056 kuna volti 5 za chaja, upande wa pili, mahali pa kukuta volti 3.7, kuna hasi 3.7. Karibu volti 9 zinakaa juu ya chipu ndogo kuliko punje ya mahindi, na nyuma yake kuna seli inayoweza kumwaga ampea nyingi bila kupepesa. Na taa hizi zinapanda mtumbwi wa mbao wenye dumu la petroli ya injini.

Sasa kabla hamjaniandikia "weka dayodi tu", yaani kile kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, tafadhali chukueni karatasi mchore. Ukiweka dayodi kati ya bodi na chanya ya betri, ikitazama upande wa kuchaji, betri iliyogeuzwa inavuta mkondo utoke kwenye bodi kwenda kwenye seli. Ndiyo njia ile ile ya mkondo wa kuchaji! Dayodi inamfungulia mlango mwizi kwa sababu amevaa nguo za mwenye nyumba. Ukiigeuza, inazuia kweli, ila sasa betri haichaji tena. Tena hata ile ya kwanza inakula volti zako: bodi inadhani imefika 4.2, kumbe seli haijafika hata 4. Mvuvi anatoka na chaji pungufu, usiku wa manane taa inazimika, na anayepigiwa simu ni mimi, si wewe uliyenishauri.

Wale wa kushauri mosfeti, ile swichi ya kielektroniki, nao nawaheshimu, lakini mtego ni ule ule. Mosfeti ya aina ya P, geti (pini inayoiwasha) ikiwa kwenye hasi, inafanya kazi safi kwenye upande wa taa, mahali umeme unatoka kwenye betri tu. Kwenye chaja, bodi yenyewe inatoa volti hata kabla betri haijaja. Mosfeti inaziona hizo volti, inafunguka, na betri iliyogeuzwa inaingia kama mgeni aliyealikwa. Ukijaribu chaja ikiwa imezimwa utashangilia, utasema umepata dawa. Iwashe, kisha rudi hapa useme.

Kilichonisaidia ni cha kizamani. Fyuzi ya ampea 2 kwenye waya ya chanya inayotoka kwenye betri, na baada ya fyuzi, upande wa bodi, dayodi ya 1N5822 imelazwa kati ya B+ na B- (mahali pa kuunga chanya na hasi ya betri kwenye bodi), mstari wake ukitazama B+. Betri ikiwa sawa, dayodi imelala. Ikigeuzwa, dayodi inaipiga shoti palepale, bodi haioni hata volti moja ya kinyume, fyuzi inakatika. Nimeijaribu mara nne kwa makusudi kwenye bodi moja iliyosalimika, nayo bado inachaji. Tahadhari moja: seli kuukuu ya laptop iliyochoka inaweza kukosa nguvu ya kukata fyuzi haraka, dayodi ikabaki inachemka. Ilinitokea mara ya tatu, nikaing'oa kwa koleo.

Kuna pia chipu ya kuchajia ya TP4057, ambayo karatasi yake ya kiwandani inasema inavumilia betri kugeuzwa, lakini mkondo wake wa kuchaji unaishia miliampea 500. Kwa taa ya mvuvi, ambayo lazima ijae kabla jua halijazama, hiyo hainitoshi.

Na kwa nini nifanye haya yote mimi, kwa hela yangu, wakati muuzaji angeweza kuandika kwa kalamu kwenye mfuko, "nyekundu kushoto"? Maneno mawili!

Leo asubuhi nimerudisha seli zilizobaki. Amekubali kunibadilishia. Bodi tano amekataa katakata, anasema zimeungua mikononi mwangu. Sawa, lakini mzigo wa kushoto ameurudisha kwenye rafu ile ile, nimemwona kwa macho yangu, kwa hiyo mnaonunua JST hapa Busia pimeni kila plagi, hata kama mmenunua kwa huyo huyo jana.

Mzee mmoja wa Majanji anasubiri taa nne tangu Jumanne, nimemwambia Ijumaa. Mwenye fyuzi za ampea 2, hapa au Tororo, aseme bei. Nataka ishirini.