Mrejesho: Delica ya 1990 imefufuka, ipo Kigoma

Wakuu, salaam. Niliwauliza kuhusu Delica yangu, basi dogo la Mitsubishi la fowili (inayovuta kwa tairi zote nne), injini ya dizeli 4D56: inachemka ikivuta trela la mtumbwi na tairi za mbele hazivuti. Je, inafaa kufufuliwa iwe gari la kambi?

Inafaa, na sasa inatembea.

Aliyesema tuanze na rejeta (ya kupoza maji ya injini) kabla ya kugusa silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, Mungu ambariki. Fundi wangu wa Mwanga, hapa Kigoma, alipoifungua rejeta alikuta mirija ya chini imezibwa na tope la kutu. Hedi ya injini hii ni ya aluminiamu, ikichemshwa mara kwa mara inapasuka, kwa hiyo nilinunua rejeta mpya na themostati. Mkanda wa taimingi nao tukaubadilisha palepale; ukikatika, valvu zinagonga pistoni.

Kuhusu tairi za mbele, gia boksi ilikuwa nzima. Loki za hab, zile za kuzungusha kwa mkono katikati ya tairi za mbele ili zianze kuvuta, zilikuwa zimejaa grisi iliyokauka ngumu kama lami. Zikaoshwa kwa petroli, grisi mpya, zikashika.

Sakafu imechomelewa, ndoano ya trela imefungwa kwenye chesisi. Nimeipandisha milima ya barabara ya Manyovu na mtumbwi nyuma, na mshale wa joto haukufika hata nusu. Nimefurahi mno!

Bado springi za nyuma, zinalala trela likiwa na mzigo. Anayejua za gari gani zinaingia, naomba anijuze.