Uopareta wa mitambo au ufundi wake: dogo aanze na kipi?

Mtu wa Reli: Wakuu, dogo wangu kamaliza form four. Nina laki saba. Nimpeleke uopareta wa eskaveta, yaani kuendesha mtambo wa kuchimba, au ufundi wa kutengeneza mitambo? Ijumaa natakiwa kulipa.

Baba Greda: Umri? Mkoa? Fizikia kapata nini? Laki saba ni ada tu au na kula?

Spana 32: Ufundi, hakuna mjadala. Bwawa la Nyerere limeisha, waulize maopareta wako wapi. Mtambo ukifikisha saa 250 hadi 500 za kazi unadai oili mpya ya injini, uwe wa serikali au wa Mchina. Chuo cha ufundi VETA Moshi wanafundisha ufundi wa mitambo mikubwa.

Kamau wa Thika: Huku kwetu Kenya, KIHBT, chuo cha barabara na ujenzi, wanafunza zote mbili. Ila mwajiri atakuuliza kwanza cheti cha NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani.

Baba Greda: Ngojeni niwape yangu. Nililipia chuo fulani, wiki sita. Mtambo mmoja, wanafunzi thelathini na ushee, dizeli tunachangishana. Nilikaa kwenye kiti saa tatu jumla, cheti nikapewa. Siku ya kwanza saiti naambiwa nichimbe mtaro, nazungusha mkono wa mtambo, kibanda cha mlinzi chini! Bahati mlinzi alikuwa chai. Formeni hakufoka. Alinipa bomba la grisi. Miezi minne napaka pini za mtambo grisi alfajiri ndipo nikarudishiwa leva. Pale ndipo niliposoma.

Mama Kijiko: Pole, ila hicho kilikuwa kijiko au eskaveta? Watu mnachanganya.

Baba Greda: Eskaveta ya minyororo. Kijiko ni kile cha matairi, ndoo mbele na nyuma.

Mama Kijiko: Kwetu Mbeya vyote kijiko.

Spana 32: Dogo akienda popote, asitafute oili inayovuja kwa kidole. Presha inafika bar 350. Mpira wa oili ukiwa na tundu la sindano, oili inaingia nyamani, unahisi kama umechomwa na mwiba tu. Kesho yake mkono umevimba, daktari anazungumzia kukata. Pitisha kipande cha boksi, kikilowa ndipo panavuja.

Mtu wa Reli: Nilisahau, ana miaka 17, yuko Kigoma. Fizikia F. Yeye mwenyewe anataka greda, ule mtambo wa kusawazisha barabara.

Baba Greda: Greda! Na leseni hapewi mpaka 18. Kwa nini hukusema mwanzo?

Spana 32: Mwaka huo mmoja ashike spana.

Mama Kijiko: Samahani kuingilia, nani ana shindilia la barabara la kukodi Dodoma?

Baba Greda: La tani ngapi?