Wapenda simulizi za kutisha: Krismasi gani ilikutoa jasho? Tupeane uzoefu

KIRUA JUU (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Leo nimetoka Mbezi kukata tiketi za watu wanne kwenda Moshi tarehe 22. Kufika nyumbani, mwanangu wa miaka saba akaniuliza: "Baba, mwaka huu tunalala tena kwenye kile chumba cha makaburi?" Nikabaki nimeshika tiketi mkononi. Chumba anachokisema, dirisha lake linatazamana na kaburi la babu na la bibi, yapo hatua tano tu, yamezungushiwa mimea ya masale. Mimi nimelala humo tangu utoto na sijawahi kuwaza chochote. Yeye mwaka jana alilala siku nne, hakusema neno, kumbe usiku anajifunika shuka gubigubi anahesabu namba mpaka kunakucha.

Mwaka mzima tunasimuliana mizimu na majini ya watu wengine. Desemba hii tuleteane yetu, yaliyotukuta wenyewe msimu wa sikukuu. Ya kusikia usilete.

MAMA KIBO
Chumba cha makaburi! Niliolewa Rombo mwaka 2011, Krismasi ya kwanza ukweni nikapewa hicho hicho. Usiku nikataka kwenda chooni, choo kiko nje, njia inapita katikati ya makaburi. Nilikaa kitandani mpaka jogoo akawika. Pole kwa mtoto.

ABIRIA WA KITI CHA NYUMA
Mimi kilichonitisha hakikuwa mzimu, kilikuwa dereva. Mnajua Desemba mabasi yakijaa vinaongezwa vile vi-Coaster vya mjini. Mwaka 2015 nikapanda kimoja kwa sababu nilichelewa kukata tiketi. Tumepita Chalinze salama. Tunakaribia Segera, dereva anageuza shingo anatuuliza abiria: "Jamani, pale mbele nakata kushoto au kulia?" Gari zima likanyamaza. Mtu anaendesha roho ishirini na nane na hajui kwamba kulia ni Tanga!

Kufika Hedaru akaanza kusinzia. Namwona kwenye kioo, kichwa kinashuka, kinapanda. Mama mmoja wa Ugweno akainuka, akahamia kiti cha mbele, akaanza kumwimbia nyimbo za kwaya kwa sauti kubwa huku anampa karanga moja moja. Alimwimbia mpaka Mwanga. Aliposhuka sote tulimshika mkono. Na sisi tuliobaki tukaendelea kuimba.

MPARE WA USANGI
Huyo mama ni wa kwetu. Mungu amtunze.

SHAMBA LA VIHIGA
Majirani, mniruhusu nami nichangie kutoka Kenya. Huku Vihiga Disemba kila mtu anarudi ushago na hapo ndipo wale wanaokimbia usiku wanapata kazi. Anakuja saa nane, anarusha mchanga juu ya mabati, anasugua mgongo kwa mlango, anapumua kwa nguvu, anaenda kwa boma lingine. Hakuibii kitu, hakupigi, anataka tu usilale. Tuliozaliwa huku tunajua: unanyamaza. Krismasi moja shemeji yangu wa Mombasa alikuwa mgeni kwetu, hakuambiwa. Kusikia mchanga akafungua mlango na tochi. Alichoona hajawahi kutuambia hadi leo, ila alirudi ndani akakaa chini ya meza.

Kilichoniuma ni asubuhi. Mko kanisani, sare za kwaya, mnaimba, na wewe unaangalia viatu vya watu kama vina umande na nyasi. Unajua ni mmoja wenu. Unampa mkono wa amani na hujui ni yupi.

MKESHA NA SALA
Samahani wapendwa, lakini Krismasi ni kuzaliwa kwa Mwokozi. Kwa nini msimu huu tukufu tunaupamba kwa wachawi? Mngeleta shuhuda za wema aliotutendea mwaka huu.

MPARE WA USANGI
Dada, kichwa cha mada kimeandikwa wazi kabisa. Hata wale wachungaji usiku ule malaika alipowatokea waliogopa sana, iko kwenye Luka. Tuache tusimulie.

MKESHA NA SALA
Waliogopa kisha wakaambiwa "msiogope". Mbona hilo umeliruka?

SEREMALA WA KIBOSHO
Nimesita kuandika tangu asubuhi. Lile swali la mtoto limenivuta.

Ni tarehe 24 Desemba 2003. Nilikuwa seremala Buguruni, nina miaka mitatu sijapanda nyumbani. Basi liliharibika Mombo, Moshi tukaingia saa mbili usiku. Nikawahi kifodi cha mwisho cha Kibosho, kikanishusha mwisho wa barabara saa tatu na nusu. Kutoka pale mpaka kwetu ni dakika arobaini kwa mguu, kupanda tu, kule vihamba, mashamba yetu ya migomba, vinakoishia na msitu unakoanzia. Begi mgongoni, mkono mmoja mchele kilo tano, mkono mwingine tochi ya betri mbili ambayo mwanga wake umeshakuwa wa njano.

Wanaoijua migomba usiku wanaijua. Majani makavu yanasuguana, unageuka, hakuna mtu. Maji ya mfereji yananong'ona pembeni. Nyumba zote giza, watu wameshuka parokiani kwenye misa ya mkesha. Nikafika kwenye korongo, pale tunapovukia gogo. Hapo ndipo sauti ilipoanza. Mwanzo kama mlango mkavu unaofunguliwa polepole, krrr, krrr, krrr. Kila ikirudi imeongezeka. Mwisho ikawa mtu anayekabwa koo, anapiga yowe na yowe linakatikia katikati. Kimya. Kisha ng'ambo ya korongo kitu kingine kikaitikia.

Nilikimbia. Mchele niliuacha pale pale, kiatu kimoja kilibaki kwenye tope la mfereji. Nikafika kwetu, nikaona mwanga wa chemli chini ya mlango, nikajua baba yupo, maana mama alishasema kwenye barua kwamba mzee miguu inamsumbua, misa za usiku haendi tena. Nikagonga. "Baba, ni mimi." Kimya. Nikaita tena, nikataja jina langu na la babu. Nikasikia kitu kinaburuzika sakafuni, kama gunia linasogezwa. Kisha sauti, siyo neno, "aaa", nzito, ya chini.

Sisi tumelelewa hivi: ukiitwa usiku usiitike mara ya kwanza, anayekuita huenda si mtu. Nikasema moyoni, mzee naye amelisikia lile yowe, ananipima. Lakini ile "aaa" iliporudi mara ya pili, mimi ndiye niliyeogopa. Niliogopa kilichomo ndani kuliko kilichoko korongoni. Nikarudi nyuma kinyumenyume mpaka kwenye banda la mbuzi, nikaegemeza mgongo kwenye mbao, nikashika jiwe. Mbuzi wa sikukuu alikuwa humo, ananipumulia shingoni kwenye upenyo. Nilikaa hivyo mpaka nikaona tochi za watu wa misa zinapanda mlima, inakaribia saa saba.

Mama akazunguka mlango wa jikoni, alikuwa na ufunguo wake. Baba alikuwa sakafuni, kama mita moja kutoka kwenye mlango niliougonga. Mdomo umepinda. Mkono wa kushoto umeshika mguu wa stuli. Alikuwa amejiburuza kutoka kitandani kuja kunifungulia. Kiharusi.

MAMA KIBO
Ee Mungu wangu.

ABIRIA WA KITI CHA NYUMA
Nimesoma nikiwa kwenye daladala, nimepitiliza kituo. Pole sana mkuu. Pole.

BWANA MISITU
Pole kwa ya mzee. Kuhusu yowe, hilo siyo geni: ni perere. Mnyama mdogo, kimo cha sungura, analala kwenye matundu ya miti mchana, usiku anapanda juu na kuita. Huanza kwa mkwaruzo, anapandisha, anamaliza kwa ukelele, na mwenzake akisikia anajibu. Kilimanjaro wapo, Usambara wapo, hata Unguja na Pemba. Wataalamu wanamweka ukoo mmoja na tembo, ingawa ukimwona hutaamini.

MJUKUU WA MANGI
Mkuu, perere tunamjua tangu tukiwa watoto. Lakini kuna siku na siku. Mbona aite usiku ule ule mzee anaanguka, tena kwenye njia ya kwenda kwake? Wazee wangekuambia ile ilikuwa taarifa.

BWANA MISITU
Perere anaita kila usiku, mkuu. Siku mtu asipoanguka nani anakumbuka kwamba aliita?

MJUKUU WA MANGI
Ninyi wa vitabu ndiyo mnavyotuharibia mila.

MAMA KIBO
Jamani! Mwenzetu anatuambia baba yake alikuwa sakafuni, ninyi mnabishania mnyama. Kaeni pembeni kwanza.

SISTA WA ZAMU
Mimi ni muuguzi, naomba mnisikilize dakika moja kwa sababu Desemba tunawapokea wengi wamecheleweshwa nyumbani. Mdomo kupinda upande mmoja, mkono kulegea, maneno kutotoka au kutoka yamevurugika: ukiona hata kimoja, usingoje kupambazuke. Mlaze ubavu. Usimpe maji, chai wala kidonge, anaweza kupaliwa. Na ukumbuke dalili zilianza saa ngapi, hilo ni la kwanza daktari atakalokuuliza.

KIJANA WA HIMO
Sisi kwetu tunatoboa ncha za vidole kwa sindano, damu ikitoka mtu anarudi.

SISTA WA ZAMU
Usifanye hivyo, mdogo wangu. Haitibu kiharusi, inakula muda tu. Muda huo tafuta gari.

KIJANA WA HIMO
Usiku wa Krismasi gari utalipata wapi kule juu?

SISTA WA ZAMU
Ndiyo maana kabla hujalala uwe na namba ya mwenye gari kijijini. Muombe mchana, kabla hajaanza pombe ya mbege.

MTOTO WA WETE
Sisi Pemba Krismasi si sikukuu yetu, lakini habari ya mlango imenikumbusha mwaka 1995, wakati wa popobawa, lile jini lililosemwa linavamia watu usiku. Nyie mlichokiogopa kilikuwa nje mkajifungia. Sisi kilikuwa kinaingia ndani, basi watu wakatoka nje. Mtaa mzima umelala barazani na uwanjani, mikeka imeungana, moto katikati, wazee wanapokezana kukesha. Nilikuwa mdogo, nimelala baina ya mama na jirani. Nikwambieni kweli, sijapata kulala usingizi mtamu kama ule.

MPARE WA USANGI
Hii siyo ya Krismasi lakini imeingia.

KIRUA JUU
Karibu sana mtu wa Wete. Wakuu, turudi kwenye mada: nimlaze wapi mtoto? Nipeni ushauri.

MJUKUU WA MANGI
Mpeleke mchana akawasalimie babu na bibi yake, umtajie majina yao, amwagie mbege kidogo pale. Akishawajua hatawaogopa.

MKESHA NA SALA
Usimfundishe kumwagia makaburi chochote. Salini wote wanne kabla ya kulala, mwache na rozari mkononi.

SHAMBA LA VIHIGA
Mpe tochi yake mwenyewe na betri mpya. Mtoto na tochi ni askari.

MAMA KIBO
Usimpe tochi! Atamulika dirishani usiku na hapo ndipo ataona kivuli. Funga pazia zito, basi.

KIJANA WA HIMO
Mchoshe. Akabebe majani ya ng'ombe kutwa nzima, usiku hata akifufuka babu hatasikia.

MSEMA KWELI
Mimi nina swali kwa Seremala. Kwa nini hukuzunguka mlango wa jikoni? Saa tatu nzima umekaa na mbuzi. Naona simulizi nzuri lakini hapo haijakaa sawa.

ABIRIA WA KITI CHA NYUMA
Wewe huna hata chembe ya utu. Mtu kakaa na hili miaka yote hiyo unamhoji kama polisi?

MSEMA KWELI
Nimeuliza kwa sababu nimeguswa. Nami nina baba, anakaa peke yake.

SEREMALA WA KIBOSHO
Mwacheni, ameuliza sawasawa. Mimi mwenyewe nimejiuliza zaidi yake.

Nilizunguka. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Lakini kile kitasa nilikipachika mimi, nikiwa najifunza kazi. Kukitoa ni dakika moja, hata kwa kisu, na kisu nilikuwa nacho kwenye begi. Niliweka mkono pale. Sikukitoa, kwa sababu nilimsikia akijiburuza ndani nikadhani kinanifuata. Yeye anakuja mbele, mimi naondoka.

KIRUA JUU
Mzee alipona?

SEREMALA WA KIBOSHO
Tulimshusha kwa machela ya kitanda mpaka barabarani, tukapata gari alfajiri. Aliishi miaka sita zaidi. Mkono wa kulia haukurudi, maneno yalirudi machache. Kibosho yote walimwelewa kwa ile "aaa" yake: ya kuomba chai ni fupi, ya kusalimia inapanda. Nilimwambia kila kitu Pasaka ya mwaka 2004. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaninyooshea kidole kiatu changu, akacheka. Alikuwa ameambiwa kwamba kile kingine kilikutwa mferejini.

Mwaka huo huo nilibadilisha mlango. Ni wa mninga, niliranda mwenyewe, na komeo nimelipachika chini kabisa, karibu na kizingiti, mtu akiwa sakafuni alifikie. Wageni wanaulizaga mbona komeo liko chini. Bado lipo.

MAMA KIBO
Nimelia.

MSEMA KWELI
Nimempigia mzee sasa hivi. Anashangaa kulikoni usiku huu. Asante kaka.

KIRUA JUU
Nimemwita mtoto nimemuuliza vizuri. Anasema makaburi hayaogopi. Anaogopa "yule anayelia juu msituni kama anachinjwa", na alikuwa anahesabu ili ajue atalia mara ngapi. Mara nyingi zaidi alifika kumi na tisa. Bwana Misitu, nitakutafuta unipe picha ya huyo perere nimwonyeshe.

BWANA MISITU
Ninayo, anakaa tawini amekunja mikono kama mzee. Naituma.

MPARE WA USANGI
Wanaopanda tarehe 22, nani basi lake linasimama Same? Nina kamzigo kadogo ka mama, vitenge viwili na dawa ya macho.