Naomba ushauri: nani wa kumshika mkono mama siku za kusafisha damu?

Habari zenu wakuu. Mama yangu ana miaka 68, figo zimegoma, anasafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Tunaishi Mbagala, hospitali iko mjini. Kutembea anatembea, tena ukimletea kiti cha magurudumu anakasirika. Kwa hiyo gari la wagonjwa silo tunalotaka, na bei yake mara tatu kwa wiki hatuiwezi.

Kwenda si tatizo, asubuhi namfikisha mwenyewe kabla ya kazi. Shughuli ni kurudi. Akitoka kwenye mashine, amekaa kwa muda wa saa nne, presha inashuka na miguu inalegea. Wiki iliyopita dereva wa teksi ya mtandaoni alimshusha barabarani, eti uchochoro mbovu. Mama akatembea hadi nyumbani ameshika ukuta wa jirani, na mkoba kautundika mkono uleule wenye mshipa wa mashine, ambao manesi wamemkataza kubebea kitu. Daladala hata sithubutu. Bodaboda ndiyo kabisa.

Nawaza kukubaliana na dereva mmoja wa bajaji kwa mwezi, aingie hadi ndani wodini, amshike mkono, amfikishe mpaka kitini sebuleni. Waliowahi kufanya hivi, mlilipana vipi? Kwa safari au kwa mwezi? Na siku mashine zikichelewa, anadai pesa ya kusubiri? Au bora nimlipe binti wa jirani awe anamsindikiza?