Tupeane uzoefu: vijana wakinywa pombe nyumbani kwako huku Marekani, unayeulizwa ni wewe

Habari zenu wanajamvi. Niko Lowell, Massachusetts, mwaka wa kumi na moja sasa. Mwanangu ana miaka 17, anamaliza sekondari mwezi wa sita na anataka tumfanyie sherehe hapa nyumbani. Mama wa rafiki yake amenipigia simu akaniambia nisihangaike: tuwaachie bia kidogo, tukusanye funguo za magari mlangoni, walale hapahapa sebuleni. "Bora wanywe mbele ya macho yetu," ndivyo alivyosema, na kwa dakika chache nilimwona ana busara.

Kisha nikaisoma sheria ya jimbo letu. Umri wa kunywa ni miaka 21. Ukimpa aliye chini ya hapo, au ukijua na ukamruhusu awe na pombe kwenye nyumba au kiwanja chako, ni kosa la jinai, hata kama hukununua wewe. Faini inafika dola 2,000, kifungo kinafika mwaka mmoja, au vyote pamoja. Walioachwa nje ya kosa hilo ni watoto na wajukuu wako mwenyewe. Yaani mwanangu nikimpa glasi mezani pangu sina kesi, lakini rafiki yake aliyekaa kiti cha pili, ninayo. Na kukusanya funguo hakubadilishi chochote: kosa lilishatimia chupa ilipofunguliwa nami nikiona.

Naomba aliyepitia haya atueleze.

Baba Mapacha, Worcester
Dada, mimi yalinikuta. Nilikuwa zamu ya usiku, nalea wazee. Narudi asubuhi nakuta binti yangu, wakati huo ana miaka 19, amekaa ngazini analia. Usiku jirani aliita polisi kwa ajili ya kelele. Vijana zaidi ya ishirini, kila mmoja amekuja na chake. Swali la kwanza la askari lilikuwa, "Mwenye nyumba yuko wapi?"

Sikushtakiwa, kwa kuwa sikujua, na sheria inataka uwe unajua. Lakini nilimlipa wakili akae nami saa nzima, na alichonieleza kinafaa kila mzazi akijue. Jinai ni kitu kimoja, fidia ni kingine. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya jimbo hili ilikataa kumtoza fidia mwenyeji ambaye hakutoa pombe yeye mwenyewe. Wageni walikuja nayo. Ukiwa wewe ndiye uliyeinunua na kuigawa, kijana akaendesha gari akamuumiza mtu, unaweza kudaiwa hadi akiba yako. Tangu siku ile zamu za wikiendi nimeziacha. Hela imepungua, lakini nalala.

Mwana wa Kibosho, Houston
Nimekulia Moshi. Babu alikuwa ananionjesha mbege kwenye kibuyu nikiwa na miaka saba, na hakuna aliyeona ubaya. Nilikuja na mazoea hayo. Kwenye ubatizo wa mdogo wangu nilimpa bia kijana wa Kimarekani wa miaka 17, rafiki wa mpwa wangu, kwa ukarimu tu, maana kwetu mgeni hakai mkono mtupu. Baba yake alikuja kesho yake. Hakufoka. Alisimama mlangoni akaniambia kaka yake alikufa kwa gari la mlevi, na kwamba yeye anamlinda mtoto wake tangu hajazaliwa.

Hapa Texas mzazi anaweza kumpa mwanawe akiwa naye mbele ya macho. Mtoto wa mwenzako ni kosa linalofika dola 4,000 na mwaka mmoja jela, na akiwa chini ya miaka 18 akaleta madhara, fidia inaweza kukuangukia wewe. Lakini kilichonibadilisha mimi si dola. Ni uso wa yule mzee. Nilikuwa nimemwamulia mambo ya mtoto wake bila kumuuliza.

Mama Njeri, Minnesota
Huku miji na kaunti nyingi zina amri zao wenyewe, kwa hivyo angalia mahali unapoishi, usitegemee ya jimbo peke yake. Kwetu adhabu ni hadi siku 90 na dola 1,000. Inamshika hata aliyekodi ukumbi. Kina mama wa chama chetu wengi hawakujua hilo.

Mpangishaji, Nairobi
Msidhani ni mambo ya Marekani pekee. Hapa Kenya ile sheria ya 2010 ya kudhibiti vileo, tuliyozoea kuiita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, haimgusi mwenye baa tu. Inakataza mtu yeyote kumuuzia au kumpatia pombe aliye chini ya miaka 18. Mimi nina nyumba ya kupangisha kwa siku. Kijana mmoja mtu mzima aliichukua Ijumaa, mlinzi akanipigia saa nne usiku: ndani kuna watoto wa shule. Nilikwenda mwenyewe, nikawapigia wazazi mmoja mmoja. Wawili walinitukana. Mmoja alikuja na leso akamfunika binti yake, hakusema neno.

Mwanzisha mada
Asanteni sana. Baba Mapacha, hiyo ya jinai na fidia sikuwa nayo kabisa. Yule mama nimempigia leo, nimemwambia pombe haitaingia kwangu. Alikaa kimya kidogo, akasema atafikiria kama mwanawe aje. Sherehe itakuwa saa nane mchana hadi saa kumi na mbili, uani, nyama choma na soda, nami nitakuwepo mwanzo hadi mwisho.

Mwanangu hajaongea nami tangu jana jioni. Mwenye kijana wa umri huo, wewe ulimwelezaje akaelewa?