Kafyu ya korona imesogezwa mpaka saa tatu usiku: nirudie viazi karai vya usiku au nibaki na mahamri?

BiKarai_Majengo
Asalaam aleikum jamani, naomba ushauri kwa wenye biashara ndogo ndogo hapa Mombasa. Mimi nauza viazi karai (vile vya kuchovya unga na kukaanga) na bajia Majengo mwaka wa sita huu, na karai mwaijua ni chakula cha usiku, nilikuwa naweka jiko nje baada ya magharibi nafunga saa nne. Tangu kafyu ianze ile tarehe 27 mwezi wa tatu huu mwaka wa 2020 ikawa saa moja ya usiku kila mtu ndani, na magharibi yaadhiniwa saa kumi na mbili na robo hivi, sasa hebu hesabuni nimebakiwa na dakika ngapi, mafuta hayajashika moto watu washakimbia. Siku moja nikachelewa kidogo tu namsubiri mtu anilipe, askari hao, karai na viazi vyote vikapigwa teke mtaroni. Nililia wallahi, na hawakunigusa mimi, nililia lita tatu za mafuta nilizokopa dukani.

Nikahamia mahamri na mbaazi. Naamka saa tisa kukanda. Wateja wapo lakini faida hakuna, maana kila aliyesimamishwa kazi hotelini mtaa huu sasa auza mahamri.

Juzi rais kaisogeza mpaka saa tatu, mume wangu asema rudi kwenye karai. Mimi naogopa kununua gunia la viazi likaniozea ndani. Mwaonaje?

Boda_wa_Kisauni
Dadangu hiyo saa tatu usiihesabu yote. Matatu ya watu 14 yabeba 8 siku hizi, watu wanajua wakichelewa watalala stage, kwa hivyo foleni inaanza saa kumi na moja na ikifika saa mbili hakuna mtu barabarani, mimi mwenyewe saa mbili kasorobo nishaelekea nyumbani. Washa jiko alasiri, tena hapo kwenye foleni, si mlangoni kwako. Mtu amesimama nusu saa na barakoa mdomoni, akisikia ile harufu ya bajia ataivua tu 😂

MwanaLikoni
Naungana na boda. Mie nauza muhogo karibu na feri na ile foleni ya kupangwa umbali umbali ndiyo imeniokoa, watu wavuka na njaa. Lakini bi, lile bakuli moja la ukwaju kila mtu achovya lake, lisahau. Mwezi wa nne mteja aliliangalia akaniangalia akaenda zake. Sasa nafunga vya hamsini hamsini kwenye karatasi, ukwaju kwenye vikopo vya kifuniko (mifuko ya plastiki si ilipigwa marufuku tangu 2017, usije ukajitia kwenye kesi nyingine). Na waambie walipe kwa Mpesa, mwaka huu wa 2020 kwa ajili ya korona chini ya elfu moja hawakatwi kitu.

Babu_MjiWaKale
Sisi wa Mji wa Kale tulifungiwa kabisa tangu mwezi wa tano, katikati ya Ramadhani, hutoki mtaani huingii, tarawehe tukaswali sebuleni na wajukuu wanaruka juu ya mgongo. Nimefunguliwa juzi. We weka hizo karai mwanangu, mie nala hata saa tisa mchana, bora isiwe mahamri tena.

Mchuuzi_Dar
Dada pole sana. Huku kwetu Dar kafyu hatukuwekewa, nauza chipsi mpaka usiku, ila kuna wiki nilirudi na ndoo ya viazi nzima, watu wamejifungia wenyewe wanajifukiza nyungu. Kwa hiyo saa zikiongezwa haimaanishi wateja wameongezwa, woga wa watu una ratiba yake. Anza na kidogo.

BiKarai_Majengo
Ahsanteni sana, babu umenichekesha. Basi gunia naliacha, Jumatatu nachukua debe moja, mahamri nayapunguza nusu nisipoteze wateja wa asubuhi, na saa kumi niko stage na vikopo vyangu. Mume wangu nimemsomea hapa, amenuna, asema alimaanisha hivyo hivyo.

MwanaLikoni hivyo vikopo wanunua wapi, vya sokoni Marikiti nimeona bei imepanda.

MwanaLikoni
Usinunue Marikiti. Njoo inbox.