Napaua mwezi huu, sola mwakani: niandae nini sasa?

Mpauaji
Wakuu, nyumba ni ya vyumba vitatu, Dodoma. Kenchi zimesimama, bati la geji 30 linapigwa wiki ijayo, plasta bado. Sola ni ya mwakani: paneli 6 za wati 550, inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumika nyumbani) ya kilowati 5, betri ya lithiamu ya volti 48. Sitaki kuja kubomoa kuta. Nianzie wapi?

Fundi Paa
Anzia juu, mkuu, kabla bati halijafunika. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli zikae upande wa paa unaotazama kaskazini. Mteremko wa nyuzi 10 hadi 15 unatosha, na mvua itaosha vumbi.

Paneli moja ina kama kilo 28, zote sita hazifiki 170. Uzito huo kenchi nzuri zinaubeba. Cha kuogopa ni upepo unaoingia chini ya paneli na kuzinyanyua. Geji 30 peke yake haishiki skrubu. Mwambie seremala aongeze papi (mbao za kushikia bati) za 2x3 pale reli za kubeba paneli zitakapopita, kisha piga picha yenye vipimo kutoka ukingo wa paa, la sivyo mwakani mtatoboa kwa kubahatisha. Skrubu ipite juu ya mgongo wa bati, si bondeni panapopita maji, na kila mguu wa reli uwe na raba. Acha sentimita 10 za hewa chini ya paneli, maana zikichemka umeme hupungua.

Mnara wa simtanki upeleke kusini mwa nyumba. Kivuli kwenye paneli moja hupunguza umeme wa mstari mzima.

Waya Mbili
Kabla ya plasta laza paipu mbili: moja ya milimita 32 kutoka darini hadi inveta, nyingine kutoka inveta hadi meni swichi. Waya za paneli na za TANESCO zisilale paipu moja.

Weka boksi la pili la breka kwa vitakavyotumia sola: taa, friji, TV na soketi chache. Jiko, pasi na hita ya maji vibaki upande wa TANESCO. Wengi hukosea kwenye nyutro (waya wa kurudisha umeme): kila boksi liwe na nyutro zake. Zikichanganywa, breka ya kuzuia shoti itaanguka kila mara na hutajua kwa nini.

Mpauaji
Asanteni sana. Breka za kawaida ninazo, zinafaa upande wa paneli?

Waya Mbili
Hapana, hilo usijaribu. Paneli sita zikifuatana zinatoa karibu volti 300 za DC, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu. Umeme wa TANESCO hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, ndipo cheche inapokufa; DC haipiti sifuri, cheche huendelea hadi breka iungue. Nunua iliyoandikwa DC, volti 500 au zaidi.

Betri ikae jirani na inveta, ukuta usiopigwa na jua, nje ya chumba cha kulala. Kilowati 5 kwa volti 48 ni zaidi ya ampea 100: waya wa milimita za mraba 35, usiozidi mita 2, fyuzi ikiwa karibu na betri. Hakikisha pia betri yenyewe inaruhusu ampea hizo, nyingi za 100Ah (ampea-saa 100) haziruhusu.

Fundi Paa
Na waya wa ethi ushushe sasa, kabla hujamwaga sakafu ya nje. Udongo mkavu wa huko fimbo moja ya ethi mara nyingi haiutoshi. Piga mbili, ziachane mita 2 au 3, uziunganishe na ethi ya nyumba.